Dawati la Nyuma ya Nguzo

Miaka miwili nilimwita Inshirah mbumbumbu, tena mbele ya wenzake sitini. Ukifundisha muda mrefu hapa Minya, Misri, unauzoea mdomo wako, unasahau kwamba mtoto naye ana masikio. Mwishowe nikamwandikia baba yake barua: mtoto hafundishiki, heri abaki nyumbani.

Baba yake, Bayumi, ni mwashi. Alikuja asubuhi, barua mkononi, chokaa bado kwenye kope. Hajui kusoma, jirani ndiye aliyemsomea.

"Abla, sikuja kubishana," alisema, kwa jina tunaloitwa walimu wa kike hapa. "Nimekuja kumchukua. Ila naomba nione anapokaa, nikamwambie mama yake nimepaona."

Nikamwonyesha dawati la mwisho. Darasa letu zamani lilikuwa vyumba viwili. Ukuta ulipobomolewa, nguzo ikaachwa katikati ishike dari. Bayumi akajibana kwenye benchi kando ya binti yake, watoto wakacheka. Akainama kulia, akainama kushoto.

"Ubao uko wapi, abla?"

"Si huo hapo mbele."

"Mimi naona nguzo. Na nguzo nazijua, nimejenga nyingi. Hebu njoo ukae wewe."

Nikakaa. Niliona nguzo, na kipande cha ubao kisichotosha hata kuandika tarehe. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Mtoto huyu nilikuwa nimemchapa viganja kwa kunakili daftari la Sabrin, wa dawati la pembeni. Kumbe daftari hilo ndilo lililokuwa ubao wake.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza Inshirah, nikitafuta wa kugawana naye lawama.

"Nilisema mwaka jana, abla. Ukaniambia mvivu hakosi udhuru."

Sikukumbuka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nikaichukua barua mkononi mwa Bayumi, nikaichana. Nikamwambia Inshirah akusanye vitu vyake, ahamie dawati la mbele. Alisimama, mkoba kifuani, asisogee.

"Na hapa atakaa nani, abla?"

Niligeuka kulitazama darasa. Watoto wote waliinamia madaftari yao kwa pamoja, kila mmoja akiomba macho yangu yasimfikie. Wao walijua siku zote. Asiyejua alikuwa mwalimu wao.