Nyumba ya Mzee Threlkeld

Hilda Threlkeld aliacha ualimu akiwa na miaka hamsini na miwili, akarudi Skelby, mji wetu wa wavuvi, kumuuguza baba yake. Mimi ni jirani yao, ukuta kwa ukuta. Miaka tisa nilimsikia akimwinua, akimwogesha, akimsomea gazeti kwa kupiga kelele maana mzee alikuwa kiziwi.

"Nyumba hii ni yako, mwanangu," mzee alimwambia mbele yangu, si mara moja. "Ya nani tena?"

Mwaka wa mwisho aliomba apelekwe kwa wakili. Hilda alimpeleka mwenyewe, akamsubiri garini mvua ikinyesha, kisha akamnunulia samaki na chipsi.

Baada ya maziko wosia ukasomwa. Nyumba na vyote vilivyomo viende kwa chama cha boti za uokoaji. Hilda aliachiwa saa ya ukutani. "Yeye ni hodari," mzee aliandika, "hatashindwa na maisha."

Alikuja kwangu akiwa bado na koti la msibani.

"Gladys, nilimpeleka mimi! Kwa gari langu!"

"Nenda mahakamani, mwenzangu."

"Nikawanyang'anye watu wanaookoa wavuvi wetu? Mji mzima utanitemea mate. Na yule mzee alilijua hilo."

Akahamia chumba juu ya duka la dobi. Nyumba ikauzwa mwezi wa tatu.

Majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata chama kikazindua boti mpya, jina la mzee limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Wakamwomba Hilda aseme machache. Bendi ikanyamaza. Alisimama mbele ya kipaza sauti, mkoba ameukumbatia.

"Baba yangu aliwapa nyumba," alisema. "Nilikuwa nalala humo. Hakuniambia. Naombeni boti hii isimwache mtu yeyote majini."

Hakuna aliyepiga makofi. Nahodha, jitu la miraba minne, alimfuata hadi kwenye ngazi, kofia mkononi.

"Dada, wallahi hatukujua. Tulidhani mmekubaliana."

"Sina ugomvi na nyinyi," Hilda akamjibu, akampa mkono.

Baadaye, kwangu, alikunywa chai vikombe viwili. Kisha akainamia meza, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilimwachia kitambaa cha vyombo, nikaenda kufunga mlango wa mbele watu wasiingie.