Si Mimi, Ni Kina Rashad

Lenox alitoka chumba cha mahojiano akinyoosha kola kama bwana harusi. Alikuwa na miezi mitatu tu katika godauni lile la chai pale Changamwe, na kila alichokijua kuhusu chai alifundishwa na Salme, isipokuwa kuinywa.

"Salme, wako poa hao," akamwambia. "Nimewashow vile niliokoa ile mifuko ya Machi."

"Machi? Machi wewe ulikuwa hata hujafika Mombasa!"

"Si hoja. Intavyu ni kujiuza, dadangu."

Salme akaingia na hasira za watu wawili. Kazi iliyotangazwa ilikuwa ya supavaiza wa godauni, ya kudumu, yenye barua. Kazi yenyewe alikuwa akiifanya yeye, kwa kibarua cha siku, mwaka wa nne sasa.

Mezani walikuwa wawili: Agneta, ofisa wa makao makuu aliyeshuka kutoka Nairobi asubuhi ile, na Bwana Munga, meneja wa godauni, mtu wa Mwakirunge, kazaliwa na kulelewa papa hapa pwani.

"Kwa nini unataka hii kazi?" Agneta akauliza, kisha akainua kidole. "Hapana, ngoja. Kwanza unisaidie na kitu. Bwana Munga amekusifu mara tatu mbele ya wafanyakazi wote. Mara zote tatu umekataa."

"Nimekataa nini?"

"Sifa. Hii fomu iko na nafasi ya maneno ya mfanyakazi mwenyewe." Akasoma. "Machi, umegundua mifuko mia mbili na arubaini imeingia unyevu kabla haijapakiwa. Ukasema: 'Mimi nimefanya nini? Si mimi, ni Mungu tu, na kina Rashad hao.' Juni, umezuia mzigo wa Karachi usiende Misri. 'Nilibahatisha.' Agosti, umefundisha watu wanne. 'Hata mimi bado najifunza.' Sasa mimi nikisoma hivi naona mtu hajiamini. Naona hata afadhali ningemwita huyo Rashad."

Salme akahisi masikio yanawaka. Rashad! Siku ile ya unyevu Rashad, kibarua mwenzake, alikuwa Chaani kwa mama mbaazi, na aliporudi alikuwa na mafuta ya mahamri mpaka viwikoni. Aliyeinusa mifuko ile, mmoja mmoja, mpaka akapiga chafya siku tatu, ni yeye Salme. Lakini umesimamishwa mbele ya watu hamsini, wapigiwa makofi, utasema nini? "Naam, ni mimi, nitazameni"? Kwao Likoni mtoto wa kike akijibu hivyo mamake hujifunika buibui uso mzima, na majirani wakaanza kungoja kijicho kimpate. Sifa wairudisha kwa Mola, wawagawia wenzio, wanyamaza. Nani asiyejua?

Agneta hajui, naye hana kosa, amelelewa kwingine. Lakini Munga? Munga anajua! Salme akamgeukia. Meneja alikuwa akiichunguza kalamu yake kama aliyeiokota njiani.

"Bwana Munga, haya uliyaandika wewe?"

"Fomu yataka maneno ya mtu kama alivyoyasema, dada."

"Na hukuwaeleza maana yake?"

"Fomu haina nafasi ya maana."

Salme akavuta pumzi. Kisha akatabasamu, tabasamu ambalo waliomjua wangelikimbia.

"Basi niwie radhi. Tena mimi ndiye niliyekosa, sijakupa haki yako. Dada Agneta, mwone huyu. Mwaka mzima hakuna mnunuzi aliyerudisha mzigo hata mmoja. Zunguka Changamwe yote, hupati meneja hodari kama Bwana Munga. Wallahi, mashallah!"

Munga akaona haya, akajikuna shingo. "Aa, wapi, Salme! Mimi nimefanya nini? Ni Mungu tu, na nyinyi wenyewe. Mimi hata..."

Akajisikia alivyosema. Akafumba mdomo, lakini maneno yalikuwa yashatoka.

"Andika, dada," Salme akamwambia Agneta. "Novemba: meneja mwenyewe akiri hajafanya kitu. Ukimpata Rashad, mpe na umeneja."

Agneta akamtazama Munga, akamtazama Salme, akacheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza akaishika kalamu, akayakata kwa mstari yale majibu matatu, akamsukumia Munga fomu atie sahihi. Munga akatia.

"Haya. Kwa nini unataka hii kazi?"

"Kwa sababu ni yangu! Miaka minne nasimama getini saa kumi na mbili asubuhi, nangoja mtu aliye ndani aamue kama leo nitaitwa jina. Asiponiita, narudi nyumbani, na chai yenu yaharibika hakuna wa kuitazama. Mwanipigia makofi, makofi hayaliwi. Nataka barua. Nataka mgongo ukiniuma kwa mifuko yenu mnijue ni nani. Na ile ya Machi niliinusa mimi, peke yangu. Pua amenipa Mungu, lakini aliyeitumia ni mimi."

Agneta akaandika neno kwa neno. Mara mbili alimwomba aende polepole. Halafu akasema barua itakuwa tayari Jumatatu.

Munga akamsindikiza mpaka mlangoni, mpole kama maziwa.

"Kumbe wajua kujieleza, dada. Hongera."

"Najua," akasema Salme, bila kumrudishia tabasamu. "Na hilo liandike."