Mzinga Uani mwa Shule

Mchora ramani alikuwa mtu wa kujivunia ukweli, na ukweli wake ulimchosha kila mtu. Alitengeneza mchezo wa vita vya mji wao, wa kuchezwa mezani kwa ramani, dadu na kete za kadibodi, na aliwahi kugombana na mpiga chapa kutwa nzima kwa ajili ya mti mmoja uliowekwa upande usio wake wa barabara. Sasa alikuwa ameketi mbele ya dada yake na uongo umo mfukoni.

Dada yake, fundi cherehani, hakuwa na habari na michezo. Lakini aliposikia kwamba shule imo kwenye ramani, alikuja akachukua upande wa washambuliaji, wale wale walioilipua na bintiye yumo ndani. Mtoto alikuwa na mdomo hata wakamwita Kasuku.

"Nataka kujua kama walilazimika," alisema. "Basi."

Kila jioni akitoka kazini alicheza. Walinzi wa mji walikuwa wameweka mzinga uani mwa shule, na kila alipojaribu kuvuka daraja bila kuipiga shule, mzinga ulimmalizia askari. Alizunguka kwa mtoni, akashindwa. Alijaribu kwa moshi, akashindwa. Hata kungoja hakukumsaidia. Alikuwa anakonda waziwazi.

Asichokijua ni kwamba mdogo wake, mchora ramani, alikuwa ameondoa kete za makombora akazitia mfukoni. Siku ile shule ilipolipuliwa, mzinga ulibakiwa na makombora matatu tu. Waliofyatua walimwambia wenyewe, tena wakilia. Bila kete zile, kwenye mchezo mzinga hauishiwi kamwe. Heri ashindwe, aliwaza, kuliko ajue.

Jioni moja dada aliiweka dadu chini taratibu, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Kwa hiyo hawakuwa na njia."

"Hawakuwa nayo, dada."

"Basi labda nitapata usingizi. Niapie tu, mdogo wangu. Mchezo wako ni wa kweli?"

Angeapa, nani angemkamata? Alitaka kuapa kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote maishani. Badala yake alitia mkono mfukoni, akazimwaga kete mezani.

Alimweleza huku ameinamisha kichwa. Mzinga ukifyatua, kete moja inatoka. Zikiisha, walinzi wanauburura na kuondoka nao, kama walivyokuwa wamepanga siku ile.

Dada hakumtukana. Alipanga vipande upya, akawaficha askari wake nyuma ya ghala, akangoja. Katika zamu ile moja mchora ramani alifyatua mara tatu, kisha akauondoa mzinga uani. Daraja likabaki wazi. Shule ilikuwa imesimama vilevile.

"Nimengoja zamu moja tu," dada alisema. "Zamu moja, kwenye vita vyenyewe, ni muda gani?"

"Dakika tano."

Dada aliweka kidole juu ya ile shule ya kadibodi, akakiacha hapo.

"Zamu yako, dada," mdogo wake alisema.

Dada hakusogeza kitu.