Khamron na Mashabiki wa Mwavuli Mmoja

Kabla ya tamthilia ile, duka la uji la Wasan na Khamron lilikuwa na wateja wake wale wale: wauza mboga wa soko la Lampang, mafundi wa pikipiki, na Dada Orapin muuza maua, ambaye alikuja kula na kusengenya, na kwa kusengenya hakuwa na mpinzani. Wasan alipika. Khamron alihudumia na kuongea. Kwa miaka ishirini na sita waligawana kazi namna hiyo bila kugombana, maana Wasan angewekwa mbele ya watu angekufa kwa haya, na Khamron angefungiwa jikoni angekufa kwa ukimya.

Siku moja wakaja watu wa kamera, wakalikodi duka kwa asubuhi moja, wakaenda zao. Miezi ikapita. Kisha Jumamosi jioni, katika tamthilia ya Mwavuli Mmoja, nchi nzima ikamwona Phubet, mkulima wa chai mwenye mabega mapana, akimlisha daktari Nan, mwanamume mwenzake, kijiko cha uji kwenye meza ya dirishani. Ilikuwa meza yao. Kesho yake, kabla Wasan hajamaliza kukata tangawizi, wasichana sita walikuwa mlangoni na mabegi mgongoni.

"Mjomba, ndiyo meza yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe," alisema Khamron. "Na hicho ndicho kiti alichokalia daktari. Kalia polepole, mguu mmoja mbovu."

Wakapiga kelele, wakapokezana kiti, wakapigana picha. Mmoja wao, mwenye nywele alizozipaka rangi ya chungwa, akachungulia jikoni. "Na yule mjomba anayepika, ni ndugu yako?"

"Ndugu? Sura ile na sura hii zitoke tumbo moja? Hebu kuwa na huruma. Yule ni mwenzangu. Mwaka wa ishirini na sita huu."

Nusura wazimie. Walitoka Bangkok kuja kuona meza, kumbe mezani kuna watu! Wakamzingira Khamron kama kuku waliomwagiwa mtama. Mlikutanaje, mjomba? Tuambie, tafadhali, mlikutanaje?

Nyuma ya pazia, Wasan alipunguza moto ili asikie vizuri.

Walikutana kwa daktari wa meno. Khamron alikuwa amevimba shavu kama papai, hawezi hata kufungua kinywa. Wasan naye alikuwa na jino lake, lakini akaona mateso ya mwenzake yamezidi, akampa barafu aliyokuwa ameifunga kwenye kitambaa. Foleni ilikuwa ndefu. Na kwa kuwa Khamron hakuweza kusema, Wasan akasema yeye. Alieleza habari za shamba la baba yake huko Phrae, za samaki wa mtoni, za usingizi wake mbaya. Hakuwahi kusema namna ile kabla ya siku hiyo, na Khamron alimsikiliza kwa macho tu, machozi ya maumivu yakimtiririka. Wasan aliihifadhi siku hiyo moyoni kuliko siku zote alizoishi.

"Ilikuwa mvua," Khamron alianza kule mbele, kwa sauti ya mtu anayeimba. "Mvua ya kuogopesha. Mimi nimesimama chini ya upenu, sina pa kwenda. Mara natazama hivi, kijana mmoja anakuja, mkononi ana mwavuli. Mmoja!"

Wasichana wakalia kwa furaha. Wasan akaongeza moto.

Toka hapo ikawa ndiyo desturi. Lililotokea Jumamosi kwenye runinga, kufikia Jumapili lilishawahi kuwatokea Wasan na Khamron. Daktari akiugua homa na kukeshewa, Khamron naye alishakesha. Mkulima akiimba juu ya paa, Khamron alishaimba, tena paa lenyewe lilikuwa la bati.

"Shemeji, pole," Dada Orapin alimwambia Wasan asubuhi moja, akijizuia kucheka. "Nasikia uliangushwa na farasi, ukabebwa mgongoni hadi hospitali. Kwa mgongo upi lakini? Huyu Khamron akibeba ndoo ya maji siku mbili haamki."

"Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Ameanza kuchechemea."

Wateja wakafurika. Lakini jioni wakiosha masufuria, Wasan alishindwa kujizuia. "Kaka, kwani ukweli una nini? Kwa nini usiwaambie tulivyokutana?"

"Jino?" Khamron alicheka. "We Wasan, nani atapanda treni usiku kucha aje asikie habari za jino bovu?"

Hakusema kwa ubaya. Alimpiga hata begani alipokuwa akisema. Ila Wasan alisugua sufuria lile mpaka likaomba huruma.

Ndipo ikaja Jumamosi ile mbaya. Duka lilijaa, runinga iko juu ya friji. Baba yake Phubet alimwita mwanawe, akamwambia amemchumbia binti wa mwenye kiwanda cha chai. Na Phubet, mabega yake yote yale, akainamisha kichwa akakubali. Akamwacha daktari stendi ya basi.

"Mwoga!" alipiga kelele muuza vitunguu. "Mwanaume mzima, mwoga!"

"Baba ni baba," fundi cherehani akajibu. "Wewe ungemkatalia baba yako?"

"Baba yangu mimi alikuwa mlevi, ningemkatalia hata maji!"

Dada Orapin akavua ndala akairusha kwenye runinga, ikatua kwenye sahani ya mayai. Watu wanacheka, watu wanalia. Harufu ya kuungua ikawafikia wote kwa pamoja, na Khamron akageuka kutazama jikoni. Uji ulikuwa umeshika chini, na Wasan amesimama juu yake na upawa mkononi, hakorogi.

"Kipande kibaya hiki," Khamron alisema, akainuka. "Hakina utamu. Tuzime." Akazima, na zogo lililofuata hakulijali.

Jumapili mashabiki wakaja na macho mekundu. Msichana wa nywele za chungwa alikuwepo tena, na mwanamume mmoja wa miaka arobaini hivi ambaye ile ilikuwa mara yake ya tatu. Aliitwa Thirayut, karani wa benki kutoka Phitsanulok. Huja peke yake, hukaa pembeni, hula bakuli moja taratibu, hapigi picha. Khamron alishajaribu kumchokoza kwa utani, akaambulia tabasamu.

Siku hiyo aliuliza yeye, kabla ya wasichana.

"Mjomba, samahani. Na nyie wawili… kuna aliyewahi kuondoka?"

Khamron alikuwa akipanga vijiko. Akaviacha.

"Yupo aliyeondoka," alisema. "Mimi. Miezi mitano. Baba yangu alitaka nioe, nami nikakubali, nikamwacha huyu wa watu na masufuria yake."

"Mjomba!" Msichana wa nywele za chungwa alimpiga kofi mkononi. "Kumbe wewe mbaya hivyo!"

"Mbaya, mwanangu."

"Na yeye akakusubiri?"

"Akanisubiri. Roho kama yake hazitengenezwi tena."

Wakamsimanga kwa zamu, na Khamron aliyekuwa na jibu kwa kila neno akainamisha kichwa, akayapokea yote.

Wasan alishika pazia. Baba yake Khamron alifariki Khamron akiwa bado mtoto wa shule. Baba aliyeita alikuwa wa Wasan, yule wa Phrae. Binti alikuwa mwalimu, anaitwa Sirilak, mpole, hakuwa na kosa lolote. Na aliyerudi baada ya miezi mitano, na gunia la mchele begani kwa kukosa cha kusema, alikuwa Wasan. Siku hiyo Khamron alifungua mlango, akamtazama, akauliza, "Umekula?" Basi. Tangu siku ile hakuna aliyeligusa neno hilo.

Wasan akatoka. Wateja wa siku nyingi waligeuka kumtazama, maana hawakumzoea upande ule wa pazia.

"Anadanganya," alisema. "Huyu hajawahi kuondoka popote. Niliyeondoka ni mimi."

"Wasan, rudi jikoni, uji utaungua," Khamron akasema upesi.

"Uungue. Wanakutukana kwa kosa langu na wewe umekaa tu." Akawageukia wageni. "Sijapanda farasi maisha yangu yote. Na hajaimba juu ya paa, paa lile lingemmeza. Tulikutana kwa daktari wa meno, yeye amevimba hivi." Akaonyesha kwa mkono.

Msichana wa nywele za chungwa akamkodolea macho. "Kwa hiyo mwavuli haukuwepo?"

"Haukuwepo."

"Hata mvua, mjomba?"

"Ilikuwa kiangazi, mwanangu."

Mtu akacheka, kisha wote wakacheka, na Khamron naye, uso umemwiva. Thirayut hakucheka. "Na ulirudi kwa nini?" aliuliza.

Wasan alimtazama Khamron kwanza. Akaona kwamba naye amegeuza uso wote kumsikiliza. Miaka yote ile alilitaka jibu hilo na hakuliomba.

"Kule hakukuwa na ubaya," Wasan alisema polepole. "Baba alifurahi. Yule dada alikuwa mtu mwema. Lakini kila jioni nikitoka shambani nilikuwa na kitu cha kusimulia: nyoka niliyemwona, jirani aliyegombana na bata. Nikawa namsimulia huyu, kichwani. Yeye kichwani alikuwa ananijibu upuuzi wake. Siku moja nikacheka peke yangu mbele ya watu mezani. Nikaona hapana, huku ni kumpotezea binti wa watu muda. Nikamwomba radhi, nikamwomba baba radhi, nikaondoka. Baba alikasirika miaka miwili. Gunia la mchele lakini ni yeye aliyenitwisha."

Khamron alifuta meza ambayo haikuwa chafu. "Mimi sikujua kama ungerudi," alisema. "Wenzangu, msidhani nilikaa dirishani nikingoja. Chumba chake nilimpangisha muuza samaki wa kukaanga."

"Nilinusa!" alisema Wasan. "Mwaka mzima."

"Kwa nini hukunipigia simu, Kaka?" Wasan akaongeza kwa sauti ya chini, kana kwamba wamebaki wawili.

"Kiburi. Ningepiga ungerudi mwezi wa pili."

"Wa kwanza."

Khamron akageukia ukuta. Mabega yalimcheza kidogo, na Dada Orapin, aliyekuwa ameingia bila kuonekana, akamtupia kitambaa cha kichwa chake ajifute.

Thirayut alilipa. Mlangoni akasita. "Mwenzangu yuko kwao tangu mwaka mpya wetu wa Kithai, Aprili," alisema, akiyatazama maua ya Orapin badala ya watu. "Sijui nimpigie au nimwache aamue."

"Mpigie," walisema Wasan na Khamron kwa pamoja.

Akatoka. Walimwona kupitia dirishani, simu sikioni, anakwenda na kurudi kando ya ndoo za maua. Alisema kwa muda mrefu. Mara moja alisimama, akaweka mkono usoni. Kisha akapanda gari lake, akaondoka bila kuaga, na hakuonekana tena Lampang.

Tamthilia ikafika mwisho wake. Phubet alirudi kwa daktari, kukawa na harusi na maua meupe mlima mzima, na soko likagawanyika: nusu walilia kwa furaha, na Dada Orapin akaapa kwamba yeye angemfungia mlango yule mkulima mpaka afe. Mashabiki wakahamia mji mwingine wenye meza nyingine. Ila Jumapili za mwisho wasichana walikuwa wameacha kumuuliza Khamron; walikuwa wakija hadi penye pazia, kuomba habari za bata na jirani, na Wasan alizisimulia huku anakoroga, mgongo amewapa.

Habari za Thirayut hawakuzipata. Wakiosha vyombo, Khamron hukisia. Mara wamepatana na wamefungua duka la mikate. Mara yule mwenzake amekuja na gari kumchukua, mama mkwe amekaa nyuma na vikapu vya mikate tele.

"Mama mkwe amekuja kufanya nini?" Wasan huuliza.

"Kuona nyumba. Utamkataza?"

"Simkatazi. Endelea."