Turubai la Wiebke

Kwa miaka tisa Wiebke Harmsen alikuwa na kazi ambayo mtazamaji wa televisheni haioni: kamera ikizimwa, yeye hufunika kwa turubai la kijivu neno POLISI lililoandikwa ubavuni mwa boti ya tamthilia. Hapo sheria haina utani. Boti ya kuigiza hairuhusiwi kuwadanganya watu wa kweli wa mto Elbe.

Jumanne hiyo, mwongozaji alipotangaza mapumziko, Wiebke alikuwa na njaa. Akaona turubai linaweza kusubiri amalize mkate wake wa samaki. Dakika mbili tu, na ndizo zilizomponza.

Maana Thorben Lüders, mwigizaji wa yule kapteni shupavu wa kila Ijumaa jioni, ambaye kusema kweli hutapika hata mto ukiwa shwari, alibaki sitahani na sare yake akifanya mazoezi ya kupunga mkono: njoo hapa, njoo hapa. Ng'ambo, mzee mmoja kwenye mashua ndogo ya matanga akamwona. Polisi wanamwita. Akageuza usukani papo hapo, kama raia yeyote mwema wa Hamburg, akaanza kukatiza njia ya meli kubwa bila kutazama kando. Polisi akikuita, si ameshakuangalizia njia?

Meli ya makontena ilikuwa inakuja. Honi yake ikalia mara tano, na kila mtu wa mto ule anajua maana yake: hatari, ondoka njiani. Mkate ukamtoka Wiebke mkononi.

Hauke, dereva wa boti yao, akampigia kelele afunike yale maandishi kabla hawajafungwa wote. Wiebke akalishika turubai, kisha akalitupa chini. Mzee akiona polisi wametoweka, atasimama ashangae palepale katikati.

Akamsukumia Thorben kipaza sauti.

"Wiebke, mimi ni mwigizaji tu," Thorben akasema.

"Kwake wewe ni afande. Mwambie arudi."

"Na nikikosea?"

"Usiposema, anakufa."

Ikatoka ile sauti ya Ijumaa, nzito, isiyotetemeka. "Mashua nyeupe, geuka urudi ulikotoka. Washa injini. Sasa hivi!"

Mzee akatii. Meli ikapita, ukuta mzima wa chuma, na mashua ikamezwa na mawimbi yake. Ikapotea. Ikaonekana tena, tanga limelowa, mzee yumo. Wiebke akalia bila kuona haya.

Robo saa baadaye mzee akaja polepole hadi ubavuni mwao. Alikuwa ameshika leseni yake.

"Samahani, afande," akamwambia Thorben. "Nimekosa nini?"

Thorben akamgeukia Wiebke. Maneno ya hapo hakuna aliyemwandikia. Wiebke akaokota turubai, akalifunika lile neno mbele ya macho ya mzee, akafunga kamba zote nne.

"Hukukosa kitu, mzee wangu," akasema. "Niliyekosa ni mimi."