Taa ya Mrehani wa Mama

Jana usiku niliota niko duka la taa Kariakoo, nimeupakata mrehani wa marehemu mama ndani ya kopo lake la maziwa ya unga. Nilikuwa nautafutia taa ya kukuzia mimea, maana dirisha langu limezibwa na ghorofa la jirani na mrehani umebaki na majani sita. Huo ukifa, sina kitu kingine cha mama.

Taa zimekaa kwenye benchi, na badala ya mimi kuzichagua, zinanihoji.

"Mimi ni ya bluu, nalea majani," inasema ya kwanza. "Sita ni machache. Kazi ndogo hivyo siiwezi."

Nyekundu inauliza kama kuna maua. Nasema hakuna.

"Basi uniite yakitokea," inasema, na kurudi ndani ya boksi lake.

Inasimama ile ndefu, yenye rangi zote za jua. Kanuni ni kwamba taa ikae shubiri moja na nusu juu ya mmea, kwa hiyo inauchukua mkono wangu na kupimia. Kisha inataka sampuli.

"Sampuli ya nini?"

"Ya jua ambalo mmea wako umelizoea. Bila hiyo nitakuwa nabahatisha tu, kaka."

Jua hilo liko Tanga, barazani kwa mama. Najipapasa mifukoni. Nina tiketi ya basi tu, ya siku aliyozikwa. Basi liliharibika Segera. Nilipiga simu nikaomba wanisubiri, wakasubiri mpaka alasiri, lakini maiti hacheleweshwi. Nilifika watu wanakung'uta mchanga miguuni. Badala ya kuupanda mrehani kaburini kama wafanyavyo watu wote, niliubeba nikarudi nao Dar siku ileile. Mpaka leo kaburi sijalizuru. Naona aibu.

Mara sakafu ya duka ni mchanga. Tuko makaburini na jua linawaka. Taa zimetufuata zikiburura nyaya, na moja baada ya nyingine zinajizima kwa adabu.

Mama amekaa kando ya kaburi lake, anachambua mchicha.

"Shikamoo, mama. Nimechelewa."

"Marahaba, Hemedi. Basi lilitengenezwa?"

"Lilitengenezwa."

"Haya. Lete huo mrehani, umeutesa vya kutosha."

Ananishika mkono, juu kidogo ya kiganja, na hauachii. Tunakaa muda mrefu. Mimi nalia, yeye anaendelea na mchicha kwa mkono mmoja. Taa ndefu inakohoa.

"Sampuli imetosha," inasema.

"Haijatosha," naijibu.

Nikaamka. Ilikuwa saa mbili asubuhi na chumba kina giza lake la kila siku. Nilipowasha balbu niliona mkono wangu wa kulia umeungua jua, umekuwa mweusi hadi kwenye kiwiko, isipokuwa juu kidogo ya kiganja. Pale palibaki mistari minne ya rangi yangu ya kawaida, myembamba, imelala sambamba kama vidole.

Mrehani nimeufunga kikapuni. Basi la Tanga linaondoka saa nne. Najua jua halitoki kwa maji, lakini mkono ule sijaunawa.