Mchanga wa Karanga na Kidude cha Sabir

Chwe, chwe, chwe. Jogoo hajawika bado, na Bibi Antonia yuko jikoni anachekecha mchanga wa kukaangia karanga. Jirani angeisikia sauti hiyo asingeshangaa. Angeshangaa angejua mchanga wenyewe umetoka wapi, maana haukutoka mtoni. Ulitoka kwenye gari la mjukuu wake.

Gari hilo lilikuwa Landrova kuukuu aliyoiacha marehemu mumewe. Masika yaliyopita Optatus, huyo mjukuu, alipakia viroba vya mchanga nyuma ili magurudumu yashike tope, kama wafanyavyo madereva wa kijijini kwao Kilangala. Tope likakauka, viroba akavisahau chini ya turubai. Basi kila safari ya Lindi mjini, wakifika kilima cha kanisani, gari lilikohoa likasimama, na abiria wakashuka kupanda kwa miguu. Bibi peke yake aliachwa amekaa. Jirani yao Klementi, mtu wa maneno mengi, hakukosa kumfungia mlango taratibu asiingiwe na vumbi.

Optatus akachoka kuchekwa. "Bibi, naapa. Jumamosi likishindwa kilima na abiria ndani, naliuza chuma chakavu, ninunue pikipiki."

Nyonga za Bibi haziwezi pikipiki, na kule Lindi anaye Jamilabai, shoga yake tangu usichana, ambaye macho yamefifia na hatoki tena dukani kwao. Gari likiuzwa, ndiyo wameagana.

Optatus naye hakukaa bure. Alikwenda kwa Sabir, mjukuu wa Jamilabai, muuza vipuri, akarudi na bomba pana la moshi na kidude cheusi chenye taa ya kijani.

"Kinaamsha kompyuta ya injini," alimwambia fundi Pazi.

Pazi alicheka mpaka spana ikamponyoka. "Gari hili lina kompyuta? Hicho kidude kitaongea na nani?"

"Wewe funga tu."

Vyote viwili vikafungwa. Landrova ikanguruma kama simba mwenye mafua, kuku wa mtaa mzima wakatawanyika. Lakini kilima kilikuwa kilekile.

Siku hizo Bibi alikuwa akichota mchanga kidogo kidogo, apate wa kukaangia karanga za shoga yake. Alfajiri moja akaona mkia wa gari umeinuka. Akatazama viroba. Akatazama kilima. Akatabasamu. Toka hapo alichota kwa sufuria kubwa, na mahali pa mchanga akajaza makapi ya mpunga, viroba vikabaki vimetuna vilevile.

Jumamosi ikafika. Klementi alipanda na tetea wake wa kupeleka sokoni.

"Dereva, nivue viatu sasa hivi au tukifika kilimani?"

"Leo utakaa, baba. Utakaa mpaka uchoke!"

Kilimani Bibi alishika rozari yake. Gari likanguruma, likatambaa, likapita mahali pa kushukia, likapita mlango wa kanisa, likafika juu. Abiria walishangilia. Klementi akakipigia saluti kidude.

Mbele ya duka la Jamilabai, Optatus alikuwa akimsifu Sabir hadharani, na Sabir ameshatoa simu amrekodi awaonyeshe wateja. Bibi roho ikaanza kumsuta. Ila aliyemwumbua ni tetea. Alikuwa amekidonoa kiroba njia nzima, nacho kikapasuka, makapi yakamwagika barabarani kama mvua.

Optatus aliduwaa. "Bibi! Mchanga wangu uko wapi?"

"Nimekaangia karanga, mume wangu," Bibi akasema, huku akimnyooshea Sabir kikapu. "Karibu, zingali moto."

Klementi alikaa chini kwa kucheka. "Kumbe tulikuwa tunapanda kwa miguu kuupisha mchanga!"

"Kwa hiyo kidude..." Sabir alianza.

"Kinawaka vizuri," Bibi alimjibu kwa upole.

Sabir alizima simu yake polepole. Optatus alitaka kukasirika, akajaribu, akashindwa, akachukua konzi ya karanga.

"Na kiapo chako?" Bibi akamwuliza.

"Nilisema likishindwa. Halikushindwa. Haliuzwi. Ila hilo bomba la makelele nalifungua leo leo."

"Wee, usiliguse!" Jamilabai alikuwa amesimama mlangoni, mkono ukipapasa hewa mpaka ulipoupata mkono wa Antonia. Akaushika. "Shoga, siku zote unafika mpaka mbele yangu ndipo nakujua. Leo nimekusikia toka mwisho wa mtaa, nikabandika chai. Jumamosi nyingine uje tena, na bomba lako hilohilo. Uje, Antonia."